Kabla ya Kuuliza Farasi Ngapi, Chomoa Kijiti cha Oili

Mimi huandika sakafuni kwa chaki. Ni mazoea niliyoyapata kwa fundi aliyenifunza kazi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyekuwa akisema daftari hulowa oili likatupwa lakini sakafu ya gereji haiendi popote. Jumatatu iliyopita niliandika namba nne mbele ya Subaru Forester nyeusi: 148, 150, 146, 70. Ni mgandamizo wa silinda zake, kwa paundi. Mwenye gari, kijana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amechutama kando yangu akizisoma moja moja, mfano wa mtu anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani yaliyobandikwa ukutani. Alipofika ya nne akanyamaza.

“Ami, hiyo sabini ni nini?”

“Ni silinda namba nne. Zile tatu zafanya kazi, hii yabebwa.”

“Lakini hili ni gari la farasi mia mbili na themanini. Pale yadi waliliandika.”

Akanionyesha picha kwenye simu. Kweli, kwenye kioo cha mbele palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: neno TABO, namba 280, mwaka na bei. Hapakuwa na neno hata moja la oili, wala mkanda, wala lini plagi zilibadilishwa mara ya mwisho. Na hata hiyo namba haikuwa kweli. Forester ya kizazi cha pili yenye tabo ya lita mbili, ile iliyouzwa Japani, ilitoka kiwandani na farasi 220. Kijana alinunua gari la 220, akaambiwa ni 280, na alipoona halikimbii alivyoahidiwa akalipeleka kwa mtu wa kompyuta aliyelipandisha msukumo wa tabo ili lilifikie tangazo. Miezi mitano baadaye yuko kwangu na moshi wa buluu, na mkopo wa Sacco uliobakisha miaka miwili.

Nimekuwa katika kazi hii hapa Mombasa kwa miaka 31, na injini za Subaru zenye tabo ndizo nilizozifungua kuliko nyingine zote. Nazipenda. Kwa sababu nazipenda, nimechoka kuzipokea zikiwa maiti. Nataka kupendekeza jambo moja dogo: gari lolote la tabo linalouzwa kwa mkono wa pili katika nchi hii liuzwe na vipimo vya mgandamizo wa silinda zake zote, vilivyochukuliwa mbele ya mnunuzi, vikaandikwa ndani ya mkataba wa mauzo. Hayo tu. Namba ya farasi wanaweza kuendelea kuibandika kwenye kioo wakipenda.

Hiyo 280 yenyewe ina historia ambayo vijana wengi hawaijui. Kwa miaka mingi watengenezaji wa magari wa Japani walikuwa na makubaliano yao kwamba hakuna atakayetangaza gari la abiria lenye zaidi ya farasi 280. Kila gari kali la Kijapani la miaka ya tisini likaandikwa 280, liwe la Subaru, la Mitsubishi au la Nissan, hata lile ambalo ukiliweka kwenye mashine ya kupimia lilizidi. Makubaliano hayo yaliondolewa mwaka 2004. Kwa hiyo namba wanayoifukuza vijana wetu kama ndiyo cheti cha nguvu ilianza kama dari waliyojiwekea watu wa viwanda ili wasishindane kwa kasi. Impreza WRX ya kwanza kabisa, ya 1992, ilikuwa na farasi 240. Baadaye ikapanda hadi 280, na za mwisho za toleo la STI zikafika 308. Zote hizo zinatumia injini ya jamaa moja, EJ20, na hapo ndipo muuzaji anapopata mwanya: boneti zinafanana, mlio unafanana, jina la injini linaanza kwa herufi zile zile, basi namba ya kaka inabandikwa kwa mdogo.

Injini yenyewe ni kazi ya kupendeza. Silinda nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, na pistoni zinatoka na kurudi kama ngumi za mabondia wawili wanaopigana kwa mpango, ndiyo maana tunaiita boksa. Ukubwa wake ni sentimita za ujazo 1,994. Kipenyo cha silinda ni milimita 92 na mwendo wa pistoni ni milimita 75 tu. Mwenye macho ya kifundi akizisoma hizo mbili anajua mara moja: pistoni pana, mwendo mfupi, hii imeumbwa izunguke haraka. Kwa kuwa imelala, uzito wake uko chini, na gari linashika barabara kwenye kona namna ambayo injini iliyosimama haiwezi kulishika. Juu yake inakaa tabo. Moshi unaotoka kwenye silinda unazungusha feni upande mmoja, na feni ya upande wa pili, iliyo kwenye shafti ile ile, inashindilia hewa irudi ndani ya injini. Shafti hiyo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, moto upande mmoja, hewa ya nje upande wa pili, na kinachoizuia isigusane na chuma cha pembeni ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele.

Nawaomba wasomaji wausome tena huo utando wa oili, maana yote nitakayosema yako humo.

Wako wanaosema injini hizi ni mbovu tangu kiwandani. Maneno hayo nayasikia Makupa, nayasikia kwa mashemeji zangu, nayasikia hata kwa mafundi wenzangu ambao wakiona boksa wanasema “peleka mbele.” Sikubali. Januari 1989, kabla hata injini hii haijajulikana duniani, Subaru walipeleka magari ya Legacy yenye tabo kwenye uwanja wa majaribio katika jangwa la Arizona, Marekani, wakayaendesha usiku na mchana hadi yakatimiza kilomita 100,000. Ilichukua siku kama 19, na wastani wa kasi, pamoja na kusimama kote, ulikuwa kilomita 223 kwa saa. Kilomita laki moja! Hiyo ni zaidi ya safari mia moja za kwenda Nairobi na kurudi, kwa mwendo ambao hapa kwetu ungekupeleka mahakamani. Injini mbovu haifanyi hivyo.

Na sisi Wakenya tuna ushahidi wetu wenyewe. Mwaka 1990 Patrick Njiru aliimaliza Safari Rally katika nafasi ya nane akiwa na Legacy ya tabo ya kundi N, yaani gari lililokaribiana sana na lile la dukani. Mwaka 1994 akiwa na Impreza akawa wa nne. Mwaka 1997 Colin McRae akaishinda Safari kwa Impreza, na mwaka 2000 Richard Burns akaishinda tena kwa Impreza. Safari ya wakati ule haikuwa mbio za asubuhi moja. Ilikuwa vumbi, mawe, mito na ng’ombe barabarani. Mimi nilikuwa kijana mwaka ule wa 1997, nikisikiliza redio kwenye gereji ya bosi wangu huku nimeshika spana, na nakumbuka fundi yule, mtu asiyepiga kelele kamwe, akipiga boneti ya gari la mteja kwa kofi.

Lakini gari la McRae lilikuwa na kundi zima la mafundi. Kila lilipopumzika kulikuwa na watu wanaochungulia chini yake kabla dereva hajafungua mkanda. Oili ilikuwa mpya, petroli ilikuwa ya kiwango walichokitaka wao, na baada ya mashindano injini ilifunguliwa ikajengwa upya. Kwenye njia ya hewa ya tabo sheria ililazimisha kipete chenye tundu la milimita 34, lisiruhusu zaidi. Hata Arizona, magari yale yalihudumiwa kwa ratiba. Kijana wetu anachukua sifa ya injini hiyo, anaiacha ratiba.

Linganisha na Probox. Injini yake ya lita moja na nusu ina farasi 109, haina tabo. Gawanya: ni farasi kama 73 kwa kila lita. Sasa chukua STI ya 280 yenye lita mbili: farasi 140 kwa kila lita, karibu maradufu. Kila tone la petroli linachomwa katika nafasi ile ile lakini kwa joto na shinikizo la watu wawili. Probox inasamehe. Utachelewa kubadili oili, utatia ya bei rahisi, utaipakia magunia hadi Lunga Lunga, na asubuhi itawaka. Kuna injini zinazosamehe na kuna zisizosamehe, na si kosa la isiyosamehe kwamba mwenyewe alizoea nyingine. Kosa ni kwamba hakuna aliyemwambia siku anatoa pesa.

Turudi kwa ile Forester. Tulishusha injini Jumatano. Nilipotoa pistoni ya nne nikaifuta kwa kitambaa na kumpa kijana mkononi, kwa sababu naamini mtu anapaswa kuishika hasara yake. Pistoni ina mifereji mitatu inayobeba ringi. Kati ya mfereji wa kwanza na wa pili kuna ukuta wa aluminiamu wa milimita chache tu. Ukuta huo ulikuwa umemeguka upande mmoja, kipande cha urefu wa kucha ya kidole gumba, na kilipomeguka kilikuwa kimekwaruza silinda mistari miwili ambayo ukipitisha ukucha unakwama. Kijana alipitisha ukucha. Akaurudisha. Akapitisha tena.

Pistoni za injini hii ya Forester ni za kusubu, yaani chuma kimeyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Ni nzuri, ni nyepesi, zinakaa kimya injini ikiwa baridi. Lakini chuma cha kusubu hakipendi kupigwa nyundo. Pistoni za kufua, zile wanazotia watu wa mashindano, zinavumilia. Na nyundo ninayoisema ni petroli inayojiripukia kabla ya wakati wake. Tabo ikishindilia hewa kupita kiasi, au petroli ikiwa ya okteni ya chini kuliko ile injini iliyokusudiwa, mlipuko unatokea pistoni ingali inapanda. Inapigwa usoni. Mara moja haidhuru. Mara elfu kumi katika dakika chache za kupanda mlima wa Mazeras nyuma ya malori, ukuta ule wa milimita chache unameguka. Magari makali ya Japani yalipangwa kwa petroli ya kwao ya daraja la juu, ambayo vituo vyao huiuza kwa okteni kama 100. Pampu zetu za kawaida haziuzi hiyo. Gari lililoachwa kama lilivyotoka kiwandani lina kifaa kinachosikiliza mlipuko huo na kurudisha nyuma muda wa kuwasha, linajilinda lenyewe kwa kupunguza nguvu. Yule mtu wa kompyuta aliyelipandisha alikuwa ameupunguza ulinzi huo ili gari lisijizuie. Simjui, na simtafuti. Ninachojua ni kwamba hakulipima gari mgandamizo kabla hajagusa kitufe.

Plagi nazo. Kwenye gari la kawaida unafungua boneti, unaziona zimesimama mbele yako. Kwenye boksa ziko ubavuni, zimebanwa kati ya injini na chasi, na ili uifikie ya nyuma lazima utoe betri upande mmoja na chombo cha maji ya vioo au boksi la hewa upande wa pili, kisha uingize mkono ukipapasa bila kuona. Nimekuta magari yenye plagi mbili mpya za mbele na mbili za nyuma za tangu Japani. Mteja alilipa nne. Hili ni jambo linaloniuma kwa sababu ni letu sisi mafundi, na hakuna serikali itakayolirekebisha.

Sasa oili. Kwenye nyingi za injini hizi, bomba linalopeleka oili kwenye tabo limefungwa kwa boliti yenye tundu katikati, na ndani ya boliti hiyo kwenye baadhi ya matoleo mna kichujio cha waya, kidogo kama kofia ya kalamu. Kazi yake ni kuzuia uchafu usiifikie ile shafti inayozunguka mara laki moja. Oili ikikaa sana inageuka lami, lami inaziba kichujio, na kilichowekwa kulinda tabo kinaiua kwa kiu. Ninavyo vichujio vya namna hiyo kwenye kopo la kahawa, vyeusi vyote, nikimpata mteja mbishi namwagia mezani. Wengine hukiona kidude hicho wakakitoa kabisa na kufunga boliti tupu. Hao nao wana hoja yao, lakini mimi husema ukibadili oili kila kilomita 5,000, na iwe ya sintetiki ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, kichujio hakina cha kuziba. Lita nne na kitu. Bei yake haifiki ya rimu moja katika zile nne zinazong’aa za kijana wangu.

Na uangalie unanunua wapi. Yako makopo yaliyojazwa upya, yenye lebo safi na oili iliyokwishatumika iliyochujwa kwa kitambaa. Mimi hulitoboa kopo tupu kabla ya kulitupa ili lisirudi sokoni.

Lazima nieleze na kosa langu. Mwaka 2011 nililetewa Impreza iliyokuwa inagonga chini. Beringi za konrodi zilikuwa zimekwisha, oili ikimeta rangi ya shaba ukiiinamisha juani, ishara mbaya kuliko zote katika kazi hii. Nilifanya kazi nzuri, au nilidhani hivyo: krankishafti ikapelekwa ikachongwa, beringi mpya, ringi mpya, gasketi mpya. Sikubadili kipoza oili. Nilikisafisha kwa petroli nikakirudisha, maana mteja alikuwa amebanwa na mimi nilimwonea huruma. Ndani ya vijia vya kile kipoza mlikuwa na vumbi la chuma la ule msiba wa kwanza. Wiki tatu baadaye gari likarudi likigonga vile vile, na beringi zangu mpya zilikuwa zimekwanguliwa kama zimepitishiwa msasa. Nililipa mimi. Mteja yule, mama mmoja muuza vitambaa, hakunitukana. Aliniuliza tu, “Fundi, hukujua?” Nilijua. Nilifunzwa. Tangu siku hiyo injini iliyokufa kwa beringi haitoki kwangu na kipoza oili cha zamani, hata mteja akilia.

Ninalisimulia kwa sababu watu wanafikiri uimara wa injini umeandikwa kwenye chuma chake. Uimara wa injini ya tabo uko kwenye mikono yote iliyopita juu yake, mmoja baada ya mwingine, na mkono mmoja tu ukizembea wote wanaofuata watalipa.

Maji pia, hasa sisi wa pwani. Visima vyetu vya Mombasa vina chumvi, kila mtu anajua, sabuni yenyewe haitoi povu. Hata hivyo naona dereva anachota maji ya kisima kwa chupa anajaza rejeta ya injini ya aluminiamu. Gari linachemsha mara moja Mariakani, gasketi ya silinda inalegea, na stori inakuwa kwamba Subaru huchemsha. Tia kulanti, na kama huna, maji yaliyosafishwa ya dukani. Na ukitoka hapa kwenda Nairobi ukafika Mtito Andei kula, usizime injini ya tabo papo hapo ulipoegesha. Umeipiga njia nzima, tabo imewaka moto, ukizima ghafla pampu inasimama na oili iliyobaki mle inaungua ikawa mkaa. Zile kilomita mbili tatu za mwisho nenda polepole, au iache ingurume kidogo huku abiria wanashuka. Dakika moja au mbili zinatosha.

Kuhusu mlio sitasema mengi. Ule muungurumo wa kukatakata unaowafanya vijana wazunguke usiku kucha barabara ya Nyali unatokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu, basi. Matoleo ya Japani ya baadaye yalisawazisha mabomba hayo, gari likawa na pumzi nzuri zaidi na mlio ukapotea. Nimeombwa mara nyingi niyarudishe yasiyolingana. Wateja hao nawaambia ukweli kwamba wananunua sauti kwa kulipa nguvu, na wengine wanakubali kulipa.

Nirudi kwenye pendekezo langu, maana najua wenye yadi watauliza kwa nini wao. Sheria yetu inazuia kuingiza gari lililozidi miaka minane. Forester ya kizazi cha nne, iliyotoka mwishoni mwa 2012, ilikuja na injini mpya ya tabo, FA20, yenye mnyororo badala ya mkanda wa taimingi na petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Maana yake, Forester zote za EJ20 zilizo barabarani leo ziliingia hapa miaka mingi iliyopita. Hatuwezi tena kumsingizia Mjapani aliyeziendesha. Oili iliyomo ni yetu, fundi aliyezigusa ni wetu, aliyezungusha mita ya kilomita nyuma ni wetu. Ukaguzi wa kabla ya meli hauzigusi tena, nao ulikuwa ukitazama zaidi kama gari ni salama barabarani. Hatufanyi ukaguzi wa afya ya injini popote, isipokuwa mnunuzi akija na fundi wake, na wanunuzi wengi huja na rafiki anayejua kuwasha redio.

Wenye yadi wataniambia vipimo vinachukua muda. Kwenye boksa ni saa moja au mbili, kwa sababu ya zile plagi za ubavuni. Wataniambia vinaweza kughushiwa. Ndiyo maana nasema mbele ya mnunuzi, injini ikiwa na moto, kwa geji anayoiona kwa macho yake. Wataniambia bei itashuka. Itashuka kwa injini mbovu, na itapanda kwa nzuri, na ndivyo soko linavyotakiwa liwe. Nimewahi kumwona mtu mzima, mwalimu mstaafu, akitoa pesa za kiinua mgongo kwa gari ambalo silinda mbili zilikuwa zimekufa na likatiwa oili nzito ili lisitoe moshi siku ya kuuzwa. Lilitembea hadi Kilifi. Kama angeona namba nne zilizoandikwa kwa kalamu, pengine angekuwa na gari, au angebaki na pesa zake.

Nawaambia wazazi pia. Kijana wako wa miaka 22 akikuomba umsaidie kununua gari la tabo, usianze na kasi. Muulize atabadili oili wapi, kila baada ya kilomita ngapi, na ni nani atakayegusa mkanda wa taimingi ukifika kilomita 100,000, kwa sababu ukikatika valvu na pistoni zinakutana na hapo hakuna cha kuokoa. Akiwa na majibu, msaidie. Injini hii inastahili kuendeshwa na vijana. Subaru waliposimamisha EJ20 walitoa magari 555 ya mwisho kule Japani, na kura zikapigwa kuwapata wanunuzi kwa jinsi yalivyogombewa. Miaka thelathini injini moja! Haikufikia hapo kwa kuwa mbovu.

Ile Forester tuliijenga upya kwa pistoni mpya, na silinda ya nne ikachongwa na kusawazishwa. Kipoza oili kipya. Plagi nne, nilizifunga mwenyewe. Programu ya kompyuta ikarudishwa kuwa ya kiwandani, kijana akakubali kwa shingo upande kwamba gari lake ni la farasi 220. Jumamosi jioni tuliizungusha kwanza bila kuiwasha, hadi taa ya oili ikazimika, kisha nikamwachia ufunguo yeye. Ilishika mara ya pili. Tukasimama pale kimya, yeye akitazama moshi wa ekzosi na mimi nikitazama sindano ya joto.

Siku ya pili, injini ikiwa na moto, nikapima tena, nikaandika chini ya zile za kwanza: 152, 154, 151, 153. Akapiga picha sakafu. Mimi nikaziandika pia kwenye kadi, nikatia tarehe na sahihi, nikamwambia aiweke pamoja na logibuku, na siku akiuza gari aitoe kadi kabla hajaulizwa. Kisha nikamwambia akifika kilomita elfu moja arudi, tuimwage oili ile ya kwanza kwenye beseni jeupe, tuitoe juani tuitazame pamoja.